Hofu inapokibana kibofu: kwa nini usaili unakupeleka chooni mara sita

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 28, naishi Morogoro, nina mtoto mmoja wa miaka miwili. Tangu nimalize chuo nimeitwa kwenye usaili mara nne. Kila zamu yangu ikikaribia mkojo unanibana, nakwenda chooni, vinatoka vijiko viwili tu, nikirudi kwenye foleni unanibana tena. Mara ya mwisho, Dodoma, nilikwenda mara sita kabla ya saa 3 asubuhi ingawa sikunywa maji tangu jana yake mchana. Jina langu lilipoitwa nikainuka, matone yakaniponyoka. Nimeshatibiwa UTI mara tatu, na duka la dawa wananiambia ni UTI sugu. Siku za kawaida nyumbani sina tatizo. Je, kibofu changu kimeharibika? Halafu mtoto wa dada yangu, ana miaka 8, hujikojolea darasani mwalimu akiingia na fimbo. Inawezekana ni ya kurithi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Maneno yaliyo muhimu kuliko yote katika swali lako umeyaweka karibu na mwisho: siku za kawaida nyumbani huna tatizo. Kibofu kigonjwa hakichagui siku. Chenye maambukizi kitakubana Jumapili umejilaza kama kitakavyokubana mbele ya wasaili. Chako kinabana pale tu moyo unapokwenda mbio, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kizima, na kinachosumbua ni mawasiliano kati yake na ubongo. Nasema uwezekano mkubwa kwa sababu sijakupima. Huko chini nitakuelekeza jinsi ya kuiondoa shaka.

Tuanze na hesabu, maana hesabu inatuliza kuliko maneno. Figo za mtu mzima hutengeneza kama lita moja na nusu ya mkojo kwa siku. Hiyo ni mililita 60 hivi kwa saa, yaani vijiko vinne vya chakula. Kibofu hubeba mililita 400 hadi 500, karibu sawa na chupa ndogo ya maji ya nusu lita, na hisia ya kwanza ya haja huanza kwenye mililita 150 au 200. Sasa kama ulitoka chooni dakika kumi zilizopita, kilichoingia kibofuni tangu hapo ni mililita 10: vijiko viwili vya chai. Ndivyo vijiko ulivyoviona. Kibofu hakikuwa kimejaa. Kilikuwa kinasikika.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tatizo lako.

Ukuta wa kibofu ni msuli. Wakati wa kujaza, msuli huo unalegea ili kibofu kitanuke, na shingo yake inabana. Wakati wa kukojoa mambo yanageuka, ukuta unakaza na shingo inaachia. Kujaza kunasimamiwa na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kati ya kifua na kiuno, na hiyo ni sehemu ya mtandao ule ule unaopeleka amri za hofu mwilini. Kukojoa kunasimamiwa na mishipa inayotoka chini kabisa ya mgongo. Juu ya hayo kuna lango la nje, msuli wa duara unaouzunguka mrija wa mkojo. Hilo linakutii wewe mwenyewe.

Kwa maelezo hayo, hofu ingetakiwa kuuzuia mkojo, kwa kuwa adrenalini inalegeza ukuta na kubana shingo. Na kweli inafanya hivyo. Wapo watu ambao mtu akisimama tu nyuma ya mlango wa choo, mkojo hautoki hata kibofu kikiwa kimejaa pomoni. Basi mbona wewe unabanwa? Kwa sababu kubanwa ni hisia, na hisia inatengenezwa kichwani. Taarifa za kibofu zinapanda ubongoni muda wote, na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayochuja zipi zikufikie. Hata sasa unaposoma hapa, kibofu chako kina mkojo kidogo ndani na wala hukuwa unausikia mpaka nilipoutaja. Hofu inalitoboa chujio hilo. Mwili ukihisi hatari, ubongo unaanza kusikiliza kwa makini kila kinachotokea ndani: mapigo ya moyo, pumzi, utumbo, kibofu. Watu wanaposema fulani ana tumbo joto wanaeleza jambo hilo hilo, ila wao wamelitaja tumbo na wewe umeletewa kibofu.

Kuna na ujirani. Kituo kinachotoa amri ya kukojoa kiko kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo. Mtafiti Mwingereza aitwaye Barrington alikieleza mwaka 1925, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Kimepakana na kundi la seli zinazoamsha tahadhari mwili mzima, na vyote viwili vinapokea habari kutoka sehemu za ubongo zinazoshughulika na woga. Ni kama wapangaji wawili waliotenganishwa na ukuta mwembamba: mmoja akigombana usiku, mwingine halali. Kwa kawaida sehemu ya mbele ya ubongo inakishikia breki kituo hiki mpaka ufike mahali panapofaa. Hofu ikiwa kubwa mno, kama ya mtu aliyevamiwa au aliyenusurika ajali, breki hiyo inaachia na kibofu kinamwaga chote. Hali hiyo inawapata watu wazima, wenye nguvu, bila ugonjwa wowote. Askari vitani inawapata. Si uchafu wala si udhaifu wa tabia, na anayemcheka mtu kwa hilo hajui mwili unavyofanya kazi.

Wewe hukufika huko. Matone yako yana maelezo madogo zaidi. Mtu mwenye wasiwasi hukaza tumbo, hubana mapaja, na hupumua juu juu kifuani. Tumbo lililokazwa linakisukuma kibofu kwa juu. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu kwa chini kama machela, inakuwa imebanwa saa nzima kwenye foleni mpaka inachoka. Jina linaitwa, unainuka ghafla, shinikizo la tumbo linapanda kwa mkupuo, na msuli uliochoka unachelewa nusu sekunde. Matone yanatoka. Kwa kuwa umezaa miaka miwili iliyopita, misuli hiyo inaweza pia kuwa haijarudi sawasawa, jambo ambalo tutalipima.

Sasa niseme waziwazi unapojiumiza mwenyewe. Kwanza ni kwenda chooni mara sita. Kila unapokwenda na vijiko viwili, unaufundisha ubongo kwamba vijiko viwili ni haja halali, na unapata nafuu ya dakika tano inayoufanya ubongo uitake tena. Ukiendelea hivyo miezi mingi, hata kibofu chenyewe kinazoea kumwaga kikiwa na kidogo. Pili ni kutokunywa maji. Mkojo uliokolea, wa rangi ya chai kavu, unaweza kuuwasha ukuta wa kibofu na kuufanya ubane mapema zaidi, na kichwa nacho kinauma na unasahau ulichosoma. Tatu, na hili wanawake wengi hawaambiwi: choo cha kukaa kikiwa kichafu mnakojoa mkiwa mmeinama hewani bila kukaa. Mapaja na nyonga vikiwa vimekaza vile, misuli ya chini haiachii, na mkojo kiasi unabaki. Ukirudi kwenye foleni unabanwa kweli. Choo cha kuchuchumaa hakina tatizo hilo, mradi uchuchumae mpaka chini. Kwenye cha kukaa, futa kiti, weka karatasi, ukae, miguu yote miwili ikanyage chini.

Nne, ubongo wako umeshafunga fundo kati ya usaili na choo. Ile bahasha ya kaki yenye vyeti, viti vya plastiki vya ukumbini, mtu anayetoka na orodha ya majina: vitu hivyo sasa vinaita mkojo vyenyewe, kama vile mtu aliyebanwa anavyoshindwa kujizuia akiona tu mlango wa nyumbani kwake. Fundo lililofungwa kwa kujirudia linafunguliwa kwa kujirudia pia.

Kabla ya kufungua, pima. Tafuta kopo la plastiki na chupa ya mtoto yenye alama za mililita. Mimina mililita 50, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, ongeza 50, chora tena, mpaka 500. Kwa siku tatu, mbili za kawaida na moja ya wasiwasi (hata siku ya kuongea kanisani au kwenye kikao cha ukoo inatosha), kojolea humo kila mara na uandike saa, kiasi, ulichokunywa, na kama ulibanwa sana au kidogo. Ukiona siku ya kawaida 300, 250, 350, na mara za kwenda hazizidi saba au nane tangu uamke mpaka ulale, kisha siku ya wasiwasi ukaona 90, 40, 25, 30, jibu ni hofu. Ukiona hata siku za utulivu ni 100, 80, 120, mara kumi na mbili kwa siku na mara mbili tatu usiku, basi kibofu chenyewe kina haraka na mtaalamu akuone. Ukiona 300 au 400 kila mara na jumla ya siku inapita lita tatu bila wewe kunywa maji mengi, pima sukari ya damu wiki hiyo hiyo.

Angalia pia unavuja lini. Ukivuja unapokohoa, kucheka, kuruka au kunyanyua ndoo ya maji, bila kubanwa kabla, hiyo si hofu. Ni misuli ya nyonga iliyolegea, mara nyingi baada ya kuzaa. Mambo mawili hayo yanaweza kukaa kwa mtu mmoja, na mazoezi nitakayotaja yanayasaidia yote.

Dawa kuu ya hali yako ni kujifunza kulipitisha wimbi. Kubanwa kwa hofu hakupandi moja kwa moja mpaka juu. Kunapanda, kunafika kilele, kunashuka, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Kosa la watu wengi ni kukimbilia choo kwenye kilele, wakati ukuta wa kibofu umekaza na kila hatua ya mguu inaongeza shinikizo. Fanya hivi. Simama pale pale ulipo, au kaa ikiwezekana. Kiti kigumu ni kizuri kwa sababu kinakusaidia kwa chini. Kaza misuli ya nyonga haraka haraka mara tano au sita, kila mkazo sekunde moja, kisha achia. Si bahati nasibu hii: msuli wa lango la nje ukikaza, ishara inarudi kwenye uti wa mgongo na kuutuliza ukuta wa kibofu. Baada ya hapo shusha mabega, legeza tumbo kabisa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita. Rudia mara nane. Huku unapumua, upe ubongo kazi ya kukokotoa: toa saba kwenye mia moja, 93, 86, 79, endelea. Kazi hiyo inairudisha sehemu ya mbele ya ubongo kwenye zamu yake ya kushika breki. Wimbi likishuka, jiulize nilikojoa lini mara ya mwisho. Kama haujapita muda wa saa moja na nusu, usiende. Kama imepita saa mbili au zaidi, nenda kwa mwendo wa kawaida, usikimbie.

Zoezi la nyonga lenyewe, linalojulikana kwa jina la daktari Kegel aliyeliandika mwaka 1948, linafanywa vibaya na watu wengi. Msuli unaoutafuta ni ule unaokaza unapozuia ushuzi usitoke mbele za watu. Uukaze na uuvute juu kwa ndani, bila kubana makalio, bila kubana mapaja, bila kuzuia pumzi. Shikilia sekunde tano, achia sekunde kumi, mara nane hadi kumi. Malizia na mikazo mitano ya haraka. Hiyo ni awamu moja. Fanya awamu tatu kwa siku, moja umelala, moja umekaa, moja umesimama, na kila wiki mbili ongeza sekunde moja au mbili mpaka ufike kumi. Usijizoeze kwa kukatiza mkojo ukiwa chooni, kwa kuwa unakifundisha kibofu kutomwaga chote. Mabadiliko yanaonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, na wengi wanaacha wiki ya tatu. Na tahadhari moja: kama tendo la ndoa linakuuma, au mkojo unachelewa kuanza hata ukiwa peke yako, inawezekana misuli yako imebana kupita kiasi na si kwamba imelegea. Hapo kukaza zaidi kunaharibu. Anza na kulegeza, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga.

Saa moja na nusu ikikushinda mwanzoni, rudisha nafasi kati ya safari za chooni kidogo kidogo. Kama siku za wasiwasi unakwenda kila nusu saa, lenga dakika 45 wiki ya kwanza, kisha ongeza dakika 15 kila wiki mpaka saa tatu. Ukishindwa siku moja, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita, usianze upya.

Kufungua fundo sasa. Mara mbili kwa wiki, fanya usaili wa bandia nyumbani. Vaa nguo ile ile utakayovaa, viatu vile vile, bahasha mkononi. Kunywa glasi moja ya maji, subiri dakika 40, kaa kwenye kiti barazani. Mwombe shemeji, jirani au rafiki, watatu wakipatikana, wakae nyuma ya meza na wakuite kwa jina lako kamili kwa sauti kavu. Mkojo utakuja. Usiende, lipitishe wimbi kisha uingie ujibu maswali dakika kumi. Mara ya kwanza utatetemeka, ya nne utakereka, ya nane hutakumbuka kuhusu choo mpaka watakapokuuliza. Ubongo hauwezi kuambiwa usiogope, unaonyeshwa kwamba hakuna kilichotokea.

Siku yenyewe ipange. Jana yake kunywa maji kama kawaida, lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku nzima, ila kuanzia saa 2 usiku punguza. Kama unasafiri kwa basi, usikae na kiu kwa kuogopa kuchimba dawa njiani. Kunywa vifundo vidogo na ushuke gari linaposimama, au panda treni ya SGR ambayo ina choo ndani. Asubuhi, kama mnaitwa saa 3, kunywa chai saa 12 na nusu, na kwa siku hiyo chai iwe uji au maziwa. Chai ya rangi iliyokolea, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, ambayo inaongeza mkojo, inakikera kibofu, na inaongeza mapigo ya moyo kwa wakati mmoja. Glasi moja ya maji pamoja na chakula inatosha. Nenda chooni saa 1 na robo, ukae, umalize, usimame, ukae tena nusu dakika ujaribu mara ya pili ili kisibaki kitu. Nenda tena saa 3 kasorobo. Hizo ndizo safari zako mbili. Baada ya hapo ukibanwa unajua ni vijiko vya chai, na una wimbi la kupitisha. Beba mtandio au sweta, maana Dodoma asubuhi ya Juni na Julai ina baridi, na chumba chenye kiyoyozi nacho kinabana. Baridi inaisukuma damu kutoka kwenye ngozi kwenda ndani, na figo zinajibu kwa kutengeneza mkojo zaidi. Pedi nyembamba ivae bila aibu. Watu wengi hubanwa nusu tu pale wanapojua kwamba hata tone likitoka halionekani. Na jina likiitwa, kabla ya kuinuka kaza nyonga kwanza, ndipo uinuke. Nusu sekunde hiyo ndiyo iliyokuponyoka mara ya mwisho.

Nije kwenye hiyo UTI sugu, maana inanisumbua. Maambukizi ya njia ya mkojo yana dalili zake: kuunguzwa wakati wa kukojoa, maumivu chini ya kitovu, kwenda mara kwa mara mchana na usiku, pengine mkojo wenye damu au harufu nzito isiyo ya kawaida. Hukutaja hata moja. Seli chache za usaha kwenye karatasi ya maabara hazitoshi, hasa kama mkojo uliochukuliwa ni ule wa mwanzo uliopita kwenye ngozi ya nje. Ukitaka uhakika, jisafishe kwa maji, acha mkojo wa kwanza uende, kinga wa katikati kwenye kopo safi la maabara, upelekwe ndani ya saa mbili, na uombe kuotesha mkojo. Majibu yanachukua siku mbili tatu na yanataja mdudu ni yupi na dawa gani inamuua. Antibayotiki mara tatu bila kuotesha hazikutibu hofu. Zinaweza kuua bakteria wema wanaolinda uke, zikakuachia fangasi, na bakteria waliobaki wanazoea dawa, ili siku ukiwa na maambukizi ya kweli, ya ujauzito kwa mfano, zisifanye kazi. Usinunue kozi ya nne dukani.

Dawa za kibofu zenyewe zipo. Oksibutinini na tolterodini hulegeza ukuta, lakini hukausha mdomo, huleta choo kigumu, na oksibutinini hupunguza jasho, jambo la hatari kwenye joto letu. Zinaandikwa kwa mwenye kibofu chenye haraka siku zote, si kwa usaili. Propranololi, ambayo wengine hupeana kabla ya kuongea hadharani, hutuliza mapigo ya moyo na mikono inayotetemeka, ila mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Usiazime kidonge cha mtu. Lakini kama wasiwasi wenyewe hauishii kwenye usaili, kama hulali, unashindwa kula, unaogopa hata kwenda sokoni au kanisani kwa ajili ya choo, huo ni ugonjwa wa wasiwasi na unatibika. Omba rufaa ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa bila kuona haya.

Nenda hospitali bila kusubiri mazoezi ikiwa kuna damu kwenye mkojo. Kwa aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, mabonde ya mpunga au visiwani Unguja na Pemba, kichocho lazima kipimwe. Nenda pia ukiwa na homa na maumivu ya ubavuni, au ukivuja mfululizo mchana na usiku tangu kujifungua. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na haiponi kwa mazoezi. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazoifanyia upasuaji. Kukojoa baada ya kupoteza fahamu kunahitaji uchunguzi wa kifafa na moyo. Na ukishindwa kukojoa kabisa, au ukafa ganzi sehemu inayogusa tandiko la baiskeli, pamoja na miguu kulegea, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, kwa sababu mishipa ya mgongo imebanwa.

Kuhusu mtoto. Kukojoa kitandani kunaweza kufuata damu ya ukoo, hilo ni kweli, ila kujikojolea darasani fimbo inapoingia si urithi. Breki ya sehemu ya mbele ya ubongo, niliyoieleza juu, kwa mtoto wa miaka 8 bado haijakomaa, na kibofu chake kinabeba kama mililita 270 tu. Akiwa ameshikilia tangu asubuhi kwa sababu vyoo vya shule ni vichache na foleni ni ndefu, kisha akaogopa, vitu viwili vinakutana. Kumchapa kwa kujikojolea ni kuongeza kile kile kinachosababisha. Dada yako aende kwa mwalimu mkuu, kwa upole, aombe mambo mawili: mtoto aruhusiwe kutoka kwa ishara ya mkono bila kuulizwa mbele ya wenzake, na fimbo isiingie darasani kama kitu cha kutembea nacho. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kuchapa atakavyo. Adhabu hiyo ni ya mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kitabuni. Mama anaweza kuitaja bila kugombana.

Kama alikuwa mkavu kabisa na hali hii imeanza ghafla, apimwe mkojo na sukari, hasa akiwa anakunywa maji sana au amekonda. Choo kigumu nacho kiangaliwe, kwa sababu utumbo uliojaa unakisukuma kibofu. Na aulizwe kwa utulivu, akiwa na mtu mmoja anayemwamini, kama kuna yeyote anayemtisha au kumgusa vibaya, shuleni au njiani. Akojoe kabla ya kutoka nyumbani, wakati wa mapumziko ya saa 4 hata kama hasikii haja, na kabla ya vipindi vya mchana. Maji asinyimwe. Kaptula ya akiba ikae kwenye begi, imekunjwa ndani ya mfuko mweusi chini ya madaftari, na siku akirudi na iliyolowa, mama aipokee, aifue, asiseme kitu mbele ya ndugu zake.